Leticia, Kompyuta Yako Imewaka

Leticia,

Sikuanza na "mpendwa" wala "mwenzangu," na wewe hutashangaa. Miaka yote tuliyoolewa na mwanaume mmoja hatukuitana hivyo. Mimi nilikuita "huyo." Wewe uliniita "yule wa mbele," kwa kuwa chumba changu ndicho kinachotazama barabara ya kwenda Nyakanazi. Mwanao na wanangu walijua nani anasemwa.

Nakuandikia kwa sababu nimechoka kukugombeza nikiwa shambani. Nikinyanyua jembe nakuambia neno, nikilishusha nakuambia jingine, mpaka jirani juzi akaniuliza nazungumza na nani kwenye mihogo. Bora niandike nimalize.

Nina hasira kwamba umekufa. Ulianguka asubuhi ukifagia uwanja, ufagio bado mkononi, kwa presha ambayo hukumwambia mtu. Hata binti yako hukumwambia. Ukaniachia Baba Kulwa peke yangu, na ng'ombe wake, na ndugu zake wanaokuja kula bila taarifa, na Milembe mwenye macho yako yale yale ya dharau. Nani alikuruhusu?

Halafu kompyuta yako. Haukupita hata muda wa watu kumaliza kuja kutoa pole, ikagoma kuwaka.

Unajua nilivyoichukia. Ulipokuja nayo kutoka kwenu Ngara, ikiwa imefungwa kwenye kitenge juu ya basi kama mtoto mgonjwa, nilisema nyumba hii imepata mke wa tatu. Watu wakaanza kuja na barua zao, mihtasari ya vikao vyao, ratiba za misiba yao, na wewe ukikaa pale kwenye kiti cha plastiki ukichapa bila kutazama vidole, ukiringa. Halafu ikaja harusi ya Kulwa wangu. Ukachapa kadi. Kadi nzuri, yenye maua pembeni. Na mahali pa mama wa bibi harusi ukaweka jina lako. Leticia! Mtoto niliyemzaa mimi, nikamnyonyesha mimi. Ukasema, "Ni makosa ya kuchapa, dada, nilisahau kubadilisha." Kadi zilikuwa zimeshagawiwa mpaka Biharamulo mjini. Tangu siku hiyo sikuwahi kukanyaga chumba chako.

Kwa hiyo ilipogoma, mimi nilifurahi. Nakwambia ukweli.

Sikufurahi kwa muda mrefu. Masanja alikuja. Shemeji yetu huyu hajabadilika. Akiona kitu kimelala anakitafutia kamba. Alibonyeza kitufe, akatazama kioo cheusi, akatingisha kichwa kama daktari. "Ladi, shemeji," akaniambia, maana unajua kwake kila r ni l. "Ladi imepiga. Hii imekufa kabisa. Nitaichukua Nyakanazi, vipande vyake vitanisaidia pale gesti yangu." Kisha akageuka akakitazama chumba, akapima kwa macho, akamwambia kaka yake kwamba chumba kizuri hivi hakifai kukaa bure, kijana wake mkubwa anatafuta pa kukaa.

Baba Kulwa akakubali. Si unamjua, akiambiwa na mdogo wake jambo lolote anaitikia. Akasema Jumapili baada ya kanisa Masanja aje na pikipiki. Na Milembe, kama kazi ya kuchapa hakuna tena, basi aende kwa wajomba zake Mbuba, huko atapata la kufanya. Aliyasema hayo Milembe amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Mtoto hajamaliza hata kunyoosha nguo za mama yake. Alienda kuosha ile sufuria, akaiosha, akaiosha tena.

Ningenyamaza. Naapa ningenyamaza, kwa jinsi ulivyonifanyia. Lakini jioni ile Milembe aliibonyeza tena, na mimi nikiwa upande wangu wa ukuta nikasikia. Ukuta wetu ni mwembamba, umenitesa miaka mingi. Kila asubuhi nilikuwa nasikia mashine yako ikiamka: mlio mmoja mfupi, feni inavuma, kisha ule muziki wake wa kijinga, kisha wewe unakohoa. Safari hii feni ilivuma, lakini mlio ulikuwa mrefu. Kimya. Mrefu tena. Kimya. Kama mtu anayeita asiyeitikiwa.

Nikaenda. Nilisimama kizingitini, sikuingia.

"Mashine iliyokufa hailii," nikamwambia mwanao.

Akanitazama kwa yale macho. "Shikamoo, Mama Mkubwa. Umekuja kucheka?"

Marahaba yangu niliimeza. Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikamwambia mlio ule si wa kila siku, na kwamba tatizo ni waya, maana waya za nyumba hii zote zinaliwa na panya. Nikaleta waya wa redio yangu unaofanana na ule, nikavuka kile kizingiti. Tukabadilisha. Hakuna kitu, mlio ni ule ule. Tukaichomeka ukutani moja kwa moja, tukaiacha ile stebilaiza yako ya kutuliza umeme. Vile vile. Milembe akasema, kwa sauti yako kabisa, "Nilijua si waya." Kama alijua alingoja nini?

Akachukua simu, akapanda kwenye kile kichuguu ambako mtandao hushika, akakaa huko akisoma. Aliporudi aliniomba nimwigizie ule mlio. Mimi, mtu mzima, nikasimama chumbani kwako nikilia kama king'ora. Akasema mlio mrefu unaojirudia kwa mashine ya aina yako mara nyingi maana yake ni kumbukumbu, kile kipande wanachokiita ramu. Ama kimelegea, ama kimeshika uchafu. Nikamuuliza, na radi? Akasema radi ingeipiga sawasawa, mashine isingetoa hata huo mlio.

Jumamosi mchana tukaifungua. Nilitumia bisibisi ya cherehani yangu. Tulichomoa umeme kwanza, kwa maana mimi sikutaka kukufuata. Milembe alishika bati la sanduku kwa mkono, akasema ameelekezwa hivyo ili umeme wa mwilini usiharibu vitu vya ndani, akanilazimisha na mimi nishike. Ndani, Leticia, hukuwahi kufuta? Vumbi jekundu la barabara limejaa kama unga wa muhogo, na mende wawili wakavu. Wewe uliyekuwa unasema nyumba yangu inanuka moshi!

Ramu ni kibao kidogo chembamba, chini kina meno ya rangi ya dhahabu. Milembe alibana vibanio vya pembeni, kikachomoka. Akayasugua yale meno kwa kifutio cha penseli, polepole, akapuliza. Alipokirudisha hakikuingia. Nikamwambia asilazimishe, akigeuze. Akakigeuza kikakaa, pande zote mbili zikalia "tap." Tukachomeka umeme, akabonyeza.

Mlio mmoja mfupi.

Kioo kikawaka. Ule muziki wa kijinga ukapiga. Mwanao akaruka akanikumbatia kabla hajakumbuka mimi ni nani. Tukaachana haraka, kila mtu akatazama pembeni.

Kisha ikazimika. Yenyewe, pap. Akaiwasha, ikakaa muda mfupi zaidi, ikazimika. Ya tatu haikufika hata kwenye muziki. Milembe akaketi sakafuni. "Basi, baba mdogo aje aichukue," akasema. "Nimechoka." Mimi nikaweka kiganja ubavuni mwa lile sanduku, nikakuta limechemka kama pasi. Nikamwambia, kitu kikipata joto namna hii kina feni isiyofanya kazi. Akabisha, akasema feni inavuma, sikiliza. Inavuma ya nyuma, nikasema. Tufungue tena.

Tukafungua. Ya nyuma ilikuwa nzima. Ila katikati kuna feni nyingine ndogo, imekaa juu ya bati la kupoza ile sehemu inayofanya kazi kubwa. Nikaisukuma kwa kidole. Haikwenda. Nikainama nikaona kitu kimejizungusha kwenye mhimili wake, kimekaza, kimeshikana na vumbi. Nikadhani ni uzi. Nikavuta ncha.

Zilikuwa nywele zako.

Ulikuwa unafumulia rasta pale pale kwenye kiti, sanduku likiwa sakafuni miguuni pako, na mashine inavuta hewa. Zile rasta zako zenye ncha za kahawia za kutoka Kabanga. Na katikati yake nywele zako mwenyewe, fupi, na mbili tatu nyeupe. Nilizijua. Dada zako walikuwa bado njiani kutoka Mbuba siku ile uliyokufa, watu wakanitazama mimi, na mimi ndiye niliyekuosha. Mimi niliyekufunga kitambaa kichwani. Hukuwa na wa kukuosha ila yule wa mbele.

Nikachukua mkasi. Milembe akanishika mkono.

"Usikate, Mama Mkubwa."

"Nisipokata haizunguki."

"Basi nikate mimi."

Nikampa. Akauweka mkasi kwenye zile nywele, akashindwa. Akaurudisha kwangu bila kunitazama, akageuzia uso ukutani. Nikakata. Nikavuta kidogo kidogo kwa sindano, nisije nikavunja feni, na kila unywele uliotoka nikamwekea kwenye kiganja chake kilichokuwa kimefunguliwa nyuma ya mgongo. Mimi nililia. Nililia kwa hasira, usijidanganye. Mwanamke unaacha nywele zako kila mahali halafu unaondoka, na mimi ndiye wa kusafisha.

Feni ikazunguka. Tuliiwasha, tukakaa tukiitazama kama chungu kilichoko jikoni. Haikuzimika. Milembe akaweka sanduku juu ya matofali, mbali na sakafu. Zile nywele amezifunga kwenye leso. Sikumuuliza ameziweka wapi.

Jumapili Masanja akaja na pikipiki na kamba. Akakuta mwanao anachapa ratiba ya ndoa ya watu, nami nimekaa kwenye kitanda chako. Ndiyo, kitanda chako.

"Nani ametengeneza?" akauliza.

"Sisi."

"Shemeji, hii itakufa tena. Bola niichukue mapema."

"Ikifa tutaifungua tena. Kamba yako kafungie ndama."

Akamwita kaka yake. Baba Kulwa akaja, akatazama kioo kinawaka, akatazama mdogo wake, akakuna shingo. Akasema, "Basi, kama inafanya kazi, ibaki."

"Na mtoto?" nikamuuliza.

"Mtoto gani?"

"Huyu, Milembe. Anaenda Mbuba au anabaki? Sema Masanja akiwa hapa asikie."

Akakuna shingo tena. Nimeishi naye muda mrefu kuliko wewe, najua akikuna hivyo anangoja mtu achoke. Sikuchoka. Mwishoni akasema, "Abaki. Chumba ni chake." Masanja akawasha pikipiki bila kuaga, hata uji sikumpa.

Usifikiri sasa tunapendana huku. Mwanao ana kiburi. Ananisalimia huku anatazama kuku. Jana tumegombana kwa sababu ya ndoo, akaniambia mimi si mama yake, nikamwambia namshukuru Mungu kwa hilo. Usiku alikula kwangu, na ugali alimaliza. Watu wanakuja kuchapisha kama zamani. Mmoja aliuliza, "Mama wa kompyuta yuko wapi?" Milembe akainuka akatoka nje. Ikabidi mimi nimweleze yule mtu, na wala sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikasema tu kwamba umesafiri. Mjinga mimi.

Kuna mengi bado nataka kukuambia kwa ukali, ila mkono umeniuma, na mvua inakuja kutoka upande wa Burundi. Mahindi yameanikwa nje.

Lala, Leticia. Sikuagi vizuri kwa sababu hukuniaga kabisa. Wajomba wa Milembe wameandika kwamba watakuja baada ya mavuno kumchukua, wao nao wana haki zao, na watakuja na maneno matamu. Nakuahidi hili, na unajua mimi si mtu wa kuahidi: ataondoka siku atakayotaka mwenyewe, kwa miguu yake, mbele yangu. Akitaka kubaki, watanikuta mlangoni. Mimi ndiye wa mbele.