Faili ya malka iko Nairobi

Suleiman, nimekwisha.

Gumato, mpwa wangu aliyemaliza sheria juzi, ameshinda lile shindano la AI la ofisi moja ya mawakili wa Nairobi. Zawadi ni kazi kwao.

Unajua aliilisha hiyo AI nini? Faili yangu. Ushahidi wote wa wazee kuhusu malka, njia ya ng'ombe wetu kwenda mtoni, niliokusanya tangu 2001. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono huu.

Leo nimeona karatasi za korti za kesi yetu ya malka. Mawakili wa kampuni iliyoziba malka ni haohao.

Haohao, Suleiman.

Nikampigia. "Mjomba, walisema tulete kesi ya kweli ya nyumbani."

Nikamwambia aikatae kazi. Akajibu: "Nimeshasaini, Mjomba. Jumatatu nitaketi upande wao."