Nimeipoteza Sauti ya Mama, na Baba Namdanganya

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana nimeishiwa uongo. Mimi ni mchapaji, kazi zangu nafanyia nyumbani, na kwenye kompyuta yangu ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mama, alijirekodi akiwa mgonjwa, anamkumbusha baba walivyokutana, anamtania kuhusu viatu vyake, anacheka hadi anakohoa, na shemeji yangu alizifunga rekodi zote kwenye faili moja linalojifungua lenyewe ukilibofya, na kila Jumapili baba huja kusikiliza. Sasa antivairasi, ile programu ya kuzuia virusi vya kompyuta, ikaanza kunisumbua kwa maonyo, mteja mmoja akaniambia hiyo ni dhaifu, nami nikaweka nyingine bila kuitoa ya kwanza, nikidhani walinzi wawili ni bora kuliko mmoja, kumbe zikaanza kushukiana zenyewe kwa zenyewe, mashine ikawa inaganda, maonyo yanafuatana, na mimi nina kazi za watu mkononi, basi kwa hasira nikawa nakubali kila ninachoulizwa bila kusoma. Kesho yake faili la mama halipo. Nilimwambia baba spika zimeharibika, wiki iliyofuata nikarudia hayo hayo, ya tatu akaja na spika mpya kwenye mfuko, nikasema waya wake hauingii, akazibeba akarudi nazo. Fundi anataka kufuta kila kitu aanze upya. Nakala nyingine hatuna. Nimekonda, usingizi sina.

Mchapaji

Mchapaji,

Pole sana kwa kufiwa. Lakini umefanya uzembe, na uongo wako umeuzidisha. Antivairasi mbili haziwekwi pamoja, kila moja humwona mwenzake mwizi. Na faili linalojifungua lenyewe ndilo hasa hizi programu hulishuku, hata kama ndani yake mna mama yako tu.

Huenda halijafutwa. Mara nyingi huwekwa kwanza karantini, yaani chumba cha washukiwa, likae humo siku kadhaa kabla ya kutupwa. Hizo wiki tatu ulikuwa unahesabu visingizio wakati siku zake zinakwisha.

Leo hii chomoa intaneti, usichape wala kuhifadhi chochote humo. Fundi wa kufuta mwambie hapana, tafuta anayejua kuokoa mafaili. Afungue orodha ya karantini ya programu zote mbili kabla hajaondoa hata moja. Akilikuta, alikague, azitoe rekodi moja moja, na nakala nyingine akae nayo shemeji yako.

Sikuahidi kwamba litapatikana. Kwa wiki tatu, mimi ningesema uwezekano ni mdogo.

Kwa hiyo usisubiri Jumapili. Nenda kwa baba yako kesho, ukae karibu naye, umwambie ulichokifanya kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Akilia mwache alie, na wewe usikimbilie jikoni.