Vitunguu Vilivyokataa Kutia Vichwa

Jumamosi. Joto la Malindi leo halina adabu. Mawingu yanapita tangu alfajiri na hakuna hata moja lililotudondoshea tone. Nina aibu, lakini udadisi nilio nao umeizidi aibu yenyewe.

Mama mkwe alikuja leo kuchukua mbegu yake.

Nieleze. Mwaka jana alinipa mashina matatu ya vitunguu vya majani kutoka shambani kwake Sabaki. Amekuwa navyo tangu alipoolewa. Hanunui mbegu, yeye hugawa mashina tu, ukapande kwako. Nikavipanda nyuma ya jiko. Mvua zilizopita mto ukafurika, ukabeba tuta lake zima. Kwa hiyo vya kwangu ndivyo vilivyobaki.

Nami nilikuwa ninaviua.

Si kwa kusudi, jamani! Mimi mtu wa bara, binti wa mkulima wa vitunguu vyekundu. Vikikaribia kukomaa, baba alikuwa anakata maji, kisha anapita tutani akiyalaza majani kwa mguu ili nguvu ishuke kwenye kichwa. Vyangu vilizidi majani na kuzaana pembeni, vichwa sivioni. Kila asubuhi nafukua kwa kidole, nachungulia. Shina jeupe, jembamba, basi. Ni mchanga wetu? Ni chumvi ya kisima? Mwisho nikasema hivi vimedekezwa. Nikavinyima maji wiki tatu, nikavilaza kwa mguu, tena kwa madaha.

Vikageuka manjano. Nikafurahi, nikidhani vinakomaa. Juzi nilipofukua tena na kukuta shina lile lile jembamba, sasa limesinyaa, moyo ulinipasuka.

Leo nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hata hajakaa akauliza viko wapi. Nikamwambia yote, mpaka habari ya mguu. Nilijua atanikemea. Badala yake akauliza kwa dhati kabisa, "Baba yako alikuwa akilaza kwa mguu upi?"

Wa kulia, nikasema. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata elimu.

"Hivi havitii vichwa, Mama Neema. Ukingoja vichwa utazeeka. Wewe kata majani, vyenyewe vitazaana."

Mbona hakuniambia siku ile? Kwa sababu nilimwambia mimi nimezaliwa kwenye vitunguu, sifundishwi. Nilisema hivyo kweli. Nakumbuka hata nilivyojishika kiuno.

Akachuchumaa, akaomba kisu cha jikoni, akaanza kuchimba taratibu na kumenya yale majani makavu. Mengi yalikuwa yameoza. Lakini alipofika ndani akanipa shina moja nilibonyeze. Gumu! Na chini lina vizizi vyeupe. Tukatafuta pamoja, vichwa vyetu vikigongana, tukapata mashina tisa yaliyo hai. Nilipiga kigelegele peke yangu nyuma ya jiko.

Nikayafunga yote tisa kwenye kitambaa chenye majimaji nimpe aende nayo. Akafungua. Akachukua manne, matano akayarudisha tutani kwangu.

Nikamwambia, mama, beba yote, mimi nitayamaliza.

"Huku hakuna mto," akasema.

Kisha akaanza kucheka, peke yake, mpaka akakaa chini. Akaniambia kitu ambacho hata mume wangu, mwanawe wa kumzaa, hakijui. Alipoolewa, mama mkwe wake alimpa shada zima la vitunguu hivi akapande. Yeye akalipika lote siku ile ile, mizizi akaitupa. Alipoulizwa, akasema mbuzi wamekula.

"Na mbuzi wenyewe hatukuwa nao," akasema, akijifuta machozi kwa leso.

Tulicheka mpaka tukashikana. Miaka saba nimekuwa mkwe wake, na kumbe sijawahi kumsikia akicheka namna hiyo.

Nikamwuliza, ikawaje? Akasema kesho yake yule bibi akaja na shada jingine, akalipanda mwenyewe, akaenda zake.

Ameshaondoka, nami bado niko hapa nyuma ya jiko na ndoo ya maji, najiuliza. Yule bibi alikuwa anaingia ua wao kila siku. Alijua hawana mbuzi?

Alijua. Lazima alijua.