Sahani ya Ukutani

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Nakusalimu kutoka Siyu. Sote tu wazima, na mamako amemaliza kuvuna ufuta.

Waniuliza, wewe unayesomea merikebu za kale za Wachina, kama zamani walifika kwetu. Miaka ya hamsini, nikiwa mwari, mtaalamu mmoja wa mambo ya kale alikuja nyumbani akauliza hayo hayo. Sisi tulilelewa tukiambiwa ile sahani iliyojengewa ukutani mwetu ililetwa na Wachina. Lakini mama akamwambia, "Hiyo, Bwana, mume wangu aliinunua dukani Amu." Yule bwana akafuta alichoandika, akaenda zake.

"Mbona umemwambia hivyo?" nikauliza.

"Angeing'oa."

"Kwani ni ya Wachina kweli?"

Mama akaendelea kupepeta mchele. Mpaka leo, mwanangu, sijui alimdanganya nani, yule bwana au sisi.

Bibi yako