Nzuri ya Mara ya Kwanza

Ilomba, Mbeya
Jumapili, baada ya misa

Kwako Baba,

Kamwene, na shikamoo. Nyumbani kukoje? Mama hajambo? Magoti ya Bibi yanasemaje na baridi hii? Festo ameacha kupanda juu ya paa la choo? Na wewe mwenyewe, Baba, hali yako ikoje? Jibu lako nalijua hata kabla karatasi haijafika Kalenga: "Nzuri tu, mwanangu, vitunguu vinaendelea." Haya, nimelipokea. Ila hii ni mara ya kwanza kukuuliza. Nahesabu, na mbele utaona kwa nini.

Mimi ni mzima. Barua hii anakuletea kondakta wa basi, yule jirani yetu, pamoja na mchele wa Kyela ambao Shangazi kauchagua mwenyewe punje kwa punje. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako maneno yangu yanakimbia, halafu Festo anakunyang'anya simu anitajie magoli. Kwenye karatasi hakuna wa kunitazama.

Baba, nina jambo la kuungama. Si lile Mama analoliogopa, mwambie akae.

Unajua dada yako ni mwenyekiti wa akina mama wa mchele hapa Ilomba. Mvua za mwaka huu zimewatesa sana. Mpunga wanauanika kwenye maturubai kando ya barabara. Wingu likitokeza tu, akina mama wazima wanakimbia na matambara ya kuufunikia kama watoto wa chekechea. Mpunga ukishalowa unaota, na ukiota umekwisha. Sasa mwezi uliopita ikaja habari kwamba kuna shirika la nje linataka kujenga banda la kukaushia, banda moja tu, kwa kikundi cha mkoa ambao biashara yake bado haijasimama tangu korona. Ili wajue ni mkoa gani, wanapita kuwauliza wakubwa wa biashara: uchumi wanauonaje, siasa inawagusaje, na baada ya ule ugonjwa wamesimama au bado wamelala. Tangu siku hiyo Shangazi hakuwa na neno jingine. Hata sala ya chakula aliimalizia na banda.

Mkutano ulikuwa Alhamisi, kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi nipo likizo fupi, kwa hiyo nilipewa birika la chai. Mgeni alikuwa mama wa Kizungu, Mama Ingrid, nywele nyeupe, viatu vya kupandia mlima. Mkalimani wake alikuwa anatoka Dar, akakwama mlima Kitonga. Lori limelala kwenye kona, hapandi mtu wala hashuki. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo Shangazi akasimama mbele ya ukumbi mzima:

"Jamani, tunahangaika nini? Yusta wangu huyu anakipiga Kiingereza mpaka mwalimu anaomba maji!"

Baba, birika lilitaka kuniponyoka. Kiingereza nakijua, ndiyo, ila nakijua cha kuandika. Cha kutoka mdomoni mbele ya watu ni kingine. Lakini nilishasukumwa, nikakaa pembeni ya mgeni, mikono nimeibana katikati ya magoti.

Wa kwanza alikuwa Mzee Anangisye, mwenye malori yanayokwenda Tunduma na kuvuka Zambia. Mgeni akauliza biashara yake ikoje ukilinganisha na kabla ya korona. Nikatafsiri. Mzee akajiweka sawa kwenye kiti, akavua kofia.

"Nzuri," akasema. "Tunamshukuru Mungu."

Nikatafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno, kama kwenye mtihani. Mgeni akatabasamu, akaweka alama kwenye fomu yake, akaenda swali la pili.

Na hapo ndipo kosa langu lilipo. Wewe unajua, Baba. Wazee wa huku ni kama wa kwetu. Mtu mzima ukimuuliza habari hawezi kukutapikia shida zake usoni kama mlevi. Anaanza na nzuri. Unamuuliza tena, anasema "tupo tu." Unamuuliza ya tatu, anashusha pumzi, na hapo sasa ndipo habari inaanza. Mara ya kwanza ni salamu. Mimi nimekulia humo. Nilimwona Mzee anasubiri, mdomo umefunguka kidogo, kofia anaizungusha kwenye vidole, anangoja aulizwe tena. Mgeni hakujua. Niliyejua ni mimi, na nilinyamaza. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu, "Mama, subiri, hajamaliza." Niliitunga kichwani kwa Kiingereza, nikaipanga vizuri, nikaisahihisha. Haikutoka. Niliona haya kumkatiza mtu mzima, tena mgeni, tena kwa lugha yake.

Akaja Mama Sekela, mwenye nyumba ya wageni Mwanjelwa. "Nzuri, mwanangu, tunasogea." Alama. Akaja Shangazi mwenyewe, kitambaa kipya kichwani, usiku kucha alikuwa anajifunza maneno ya kusema. Na yeye, mbele ya mgeni, adabu ikamshika: "Nzuri tu, tunashukuru." Alama. Kwenye siasa wote walisema serikali yetu ni sikivu, wakacheka kidogo, wakatazama madirisha.

Wakati wa chai, fomu zimeshafungwa, ndipo wakaanza kuongea. Mzee Anangisye anamwambia Mama Sekela kwamba kila uchaguzi ukikaribia wateja wanakunja mikono, hakuna anayepakia mzigo mpaka aone upepo. Mama Sekela anamwambia kwamba kuna vyumba hajavifungua kwa wageni tangu korona, amehifadhia mahindi. Nilikuwa namimina chai katikati yao, nasikia kila kitu. Mgeni alikuwa nje anapiga picha mlima.

Jioni mkalimani akafika, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi nikashukuru kwamba yangu yamekwisha.

Ijumaa asubuhi tukaitwa kusikia walichokusanya. Mgeni akawasha projekta, michoro ikatokea ukutani, na mkalimani akasoma kwa sauti nzuri ya redio: wakubwa wa biashara wa Mbeya wanasema hali ni nzuri, biashara imepona, na kwa hiyo msaada utafutiwe mkoa wenye uhitaji zaidi.

Na unajua walifanya nini, Baba? Walipiga makofi. Ukumbi mzima. Mgeni kamaliza kuongea, utampingaje? Shangazi naye alipiga makofi. Nilimtazama. Mikono inapiga, uso umekufa. Dada yako alikuwa analipigia makofi banda lake likiondoka.

Nilisimama. Sikupanga, Baba, nisikudanganye kwamba nilikuwa jasiri. Nilisema kwa Kiingereza kwamba fomu zina makosa, na makosa ni yangu. Halafu nikasema kwa Kiswahili, ili wasikie nilichosema.

Mzee Anangisye akageuka. "Kwani mimi niliandikiwa nini?"

"Kwamba biashara imepona, Mzee."

"Nani kasema imepona?"

"Ulisema nzuri."

"He! Si nilikuwa namsalimia!"

Ukumbi ulipasuka. Mama Sekela alicheka mpaka akaegemea meza, anasema, "Wewe mzee, ukizikwa utatuambia nzuri!" Naye akamjibu, "Na wewe mwenye mahindi vyumbani, umesemaje?" Mgeni anatutazama mmoja mmoja, haelewi. Ikabidi nimweleze mwenyewe, mkalimani kaniachia: kwetu nzuri ya kwanza ni ya adabu, inabidi uulize mara tatu. Kiingereza changu kilikuwa kimevunjika vipande, mwalimu angelia. Lakini aliokota vile vipande, nilimwona anaviokota.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya Mzee Anangisye, magoti kwa magoti. Akauliza. "Nzuri," akasema Mzee, watu wakacheka tena. Akauliza. "Tupo tu." Akauliza ya tatu, na sasa hakuna aliyecheka. Mzee alitazama kofia yake. Akasema ana malori manne, mawili yamesimama uani na nyasi zimeota mpaka kwenye mlango wa dereva. Akasema wakati wa korona madereva wake walilala Tunduma siku na siku wakisubiri vipimo, na mmoja, aliyekuwa naye tangu lori la kwanza, alirudi anakohoa na hakupona. Kila asubuhi anatoka kufungua geti la malori, halafu anakumbuka hakuna linalotoka.

Baba, hapo nilikufikiria wewe.

Banda hatujapewa. Nisikufiche. Mgeni alizima projekta, akaahirisha safari, akarudia fomu zote kwa siku nzima, na mimi nikakaa pembeni yake mpaka sauti ikakauka. Alisema majibu yatakuja, hakuahidi. Ila sasa kilichoandikwa ni kweli.

Nilidhani Shangazi atanigombeza kwa kumtia aibu. Tulitembea mpaka karibu na mashine ya kukoboa. Hapo akasimama.

"Na wewe Yusta, kwangu hapa unaishije?"

"Vizuri, Shangazi."

"Unaishije?"

"Nipo tu."

"Mwanangu, unaishije?"

Nikalia pale pale barabarani. Nilimwambia kwamba shuleni chakula nakula nyuma ya maktaba, kwa sababu wananicheka ninavyoongea kama mtu wa Kalenga. Nilimwambia nawakumbuka nyumbani. Na nilimwambia lile alilonong'ona Festo kwenye simu: kwamba kila Jumamosi unafua lile shati la kaki ulilokuwa unaendeshea watalii kwenda Ruaha, unalipiga pasi, unalitundika, na hulivai. Shangazi alinishika mkono kama mtoto mdogo mpaka nyumbani, na majirani waliona, na sikuona haya.

Kampuni ya watalii ilipofungwa ulisema nzuri, mapumziko. Gari liliporudishwa kwa mwenyewe ulisema nzuri, sasa utalima. Ulipokuwa unanipandisha basi kuja kusoma huku nilikuuliza unajisikiaje, ukasema nzuri. Na mimi nikaishia hapo, kama nilivyomwishia Mzee Anangisye. Nilijua hujamaliza.

Msalimie sana Mama, mwambie chapati za huku ni nene kama mkeka. Msalimie Bibi, mwambie mafuta ya magoti nayatafuta. Festo mwambie siri yake nimeitoa, anisamehe. Msalimie na katekista, aniombee mitihani.

Baba, hapa tena nakuuliza: hali yako ikoje? Najua, mpo tu.

Sasa nauliza ya tatu. Usinijibu kwa simu. Kondakta anarudi Jumatano, na nimekuwekea karatasi tupu mbili ndani ya bahasha, na kalamu. Hali yako ikoje, Baba?

Nimevuta kiti. Nasubiri.

Mwanao,
Yusta