Kofia ya Tatu

Kaka yangu,

Hatujambo. Paka amezaa kwenye maranda ya karakana, na Baba anampisha kama mkwe.

Magongo ya kriketi tunayochonga sasa si yale uliyoyaacha. Ubao ni mnene mno lakini mwepesi, maana hatuukandamizi sana kwenye mashine. Mpira ukiguswa tu, unaruka kama risasi. Jana yule mpigaji, pandikizi la mtu, mtakayepambana naye Jumamosi alikuja kuchukua gongo lake. Alilijaribu uani, mpira ukatoboa mlango.

"Mzee, hili litamla mtu!" akacheka.

Baba hakucheka. Mteja alipoondoka, akaniuliza, "Kaka yako bado anainama akisharusha mpira?"

Nikasema ndiyo. Tangu utotoni unarusha, kisha unabaki umeinama mbele ya mpigaji kama mtu aliyedondosha sindano.

Nimekufungia kofia ngumu. Najua warushaji hawavai, na wenzako watakucheka. Ivae. Baba aliitundika uani akaipigia mipira kwa gongo kama lile. Hii ni ya tatu, Kaka. Mbili za kwanza zilipasuka.

Inua kichwa.

Mdogo wako