Kisigino kwenye Bariere ya Mvua

Edmonton, Kanada

Mama yangu, yambo sana. Goti lako la kushoto, lile linalojua mvua mbele ya redio, linaendelea namna gani? Na wale kuku wa Kasenga, wangali wanataga mu kitanda cha kaka yangu, Yaya Esperanse? Minye niko muzima mu mwili, na baridi ya huku nimeizoea kidogo. Ningekupigia telefone, lakini yenu kila siku iko kati ya kiwanja, sauti juu, jirani anajibu mbele yako. Maneno ya leo ni ya weye peke yako. Ndiyo sababu barua hii nimemupa Mama Neema wa kanisa letu, anayerudi Bujumbura kumuzika baba yake, kisha atavuka mpaka akuletee. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimupe Yaya akusomee.

Yaya ameniambia Papa amelala mugonjwa kule Lubarika, hali chakula tena, na kila muntu akiingia anamuuliza kama Mama amefika. Ameniambia pia ulivyojibu: "Njia ya kwenda kwake aliifunga yeye mwenyewe siku ile." Ni neno hilo limenifanya nichukue kalamu, Mama.

Sikia kwanza kazi yangu, utaona kwa nini. Huku natumika kwa barabara. Wazungu hawa hawaanzi na kaburimbo, ile lami nyeusi. Wanachimba, wanatoa udongo mubaya wote, wanamwaga mawe makubwa, juu yake madogo, kila tabaka wanalishindilia na rulo mpaka linakuwa gumu. Nyeusi inakuja mwisho kabisa, iko ya moto, inatoa moshi, nayo ni nyembamba, ungecheka. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasiingie chini. Shefu wetu, mzee mumoja mukali, anapiga kelele kutwa nzima: maji, maji, angalieni maji!

Basi nikamukumbuka Babu, aliyejenga barabara yetu ya Lubarika. Wakati wake waliponda mawe na nyundo, wanawake wakabeba udongo mu vitunga, na wantu wakaushindilia kwa miguu, mistari mirefu, wakiimba. Papa alikuta barabara ile ile, akapewa beleshi, bruweti ya kusukuma udongo, na bariere, ule mti wa kufunga njia. Udongo mutupu, hakuna kaburimbo, basi dawa yake ilikuwa moja tu: mvua ikinyesha, mti unashuka, gari ndogo zinapita, kamyo nzito za mizigo zinangoja mpaka udongo ukauke. Mashofere walimutukana, mama na bibi yake, naye akabaki kwenye kiti chake, mti chini.

Weye unajua alivyokuwa anapima. Alivua sandali, akakanyaga na kisigino, akabonyeza mara tatu, akangoja. Maji yakiingia mu alama ya kisigino, kamyo haipiti, hata iwe ya bwana mukubwa gani. Huku iko mashine ndogo ya kupima maji mu udongo, na minye, upumbavu wangu, bado nakanyaga na kisigino mbele yake. Wenzangu wanacheka. Juzi nilikanyaga, maji yakaingia. Kisha mashine ikapima, ikasema vile vile: bado iko mubichi. Nikaenda nyuma ya kamyo nikalia, Mama, muntu mwenye ndevu.

Sasa nakuambia. Siku ile Papa hakuwa kwenye bariere. Alikwenda kuzibua mufereji kule kwenye mupunga, akaniachia mti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuwa mutoto. Jua lilikuwa limetoka. Ikafika kamyo ya mihogo, na shofere akasema ataniteremusha Uvira kwa mechi ya mupira. Nikavua kiatu, nikakanyaga. Niliyaona maji, Mama. Yaliingia mu kisigino changu, niliyaangalia na macho yangu haya mawili. Nikasema, aa, kidogo tu. Ni minye niliinua mti ule.

Nikapanda karibu na shofere, lakini hatukufika mbali. Kamyo ilizama, ikalala, ikafunga barabara upande kwa upande. Halafu nyuma yetu ikaja gari ndogo ya jirani, na dada yangu Furaha ndani yake, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Gari ndogo, Mama. Ile Papa angeiachia ipite. Wantu wakamubeba kwa kipoyi cha miti kupitia mu mupunga, matope mpaka magoti, nami nilishika upande mumoja. Mbele ya kufika lopitali alikuwa amekata roho, yeye na mutoto wake.

Nilipomukimbilia Papa kumuambia, nilimukuta amesimama kando ya mti wa bariere, anaangalia alama ya kisigino changu na maji ndani yake. Aliifuta na mguu wake, taratibu, mpaka pakawa sawa. Kisha wantu wakafika, weye ukafika, ukauliza nani amefungua, naye akasema: "Ni minye." Ukamulilia pale, ukamuita muuaji. Wakasema alifungua juu ya kupewa bia na shofere. Papa, ambaye bia haijui! Minye nilikuwa nimesimama karibu naye, mabega yetu yanagusana, sikufungua kinywa. Ulihamia Kasenga, naye akabaki Lubarika miaka kumi na moja na lawama yangu.

Sikuombi unisamehe leo. Unikasirikie kama unavyotaka, ni haki yako. Lakini panda moto ya asubuhi, ile pikipiki ya abiria, uende Lubarika. Keti karibu na Papa, umushike mukono. Umuambie Byamungu amesema, basi. Ataelewa.

Nisalimie Yaya Esperanse, ndugu yangu mukubwa anayekulinda. Umuambie Shemeji Zawadi, bibi wa Yaya, kwamba nimeshona goti la suruali yangu kama alivyonifundisha. Nisalimie na Shangazi Nabintu, dada ya Papa, anayemupikia uji kila siku bila kuchoka. Mungu amuone.

Na kama barua imechelewa, enda vile vile. Usimame kwenye kaburi, useme kwa sauti kubwa, wantu wote wa Lubarika wasikie, kwamba bariere yake hakuiinulia kamyo mu udongo mubichi hata siku moja.

Ni minye mutoto wako niliyeiinua,
Byamungu